Mkazi Mmoja wa Uwanda

Mtu mmoja. Ndivyo walivyosoma, ndivyo walivyotangaza, na mimi nilikuwa nimesimama palepale na kofia yao kichwani mwangu. Ardhi ilikuwa imetoa ushahidi wake wote mbele ya watu wanaojua kusoma, na watu wanaojua kusoma wakatamka: mtu mmoja. Uwanda mzima, kutoka vilima vya chumvi hadi mtoni, una mkazi mmoja tu. Na katika nchi ile mtu mmoja hana haki ya mto. Mtu mmoja anahamishika. Mtu mmoja anaweza kubebwa kama kiti.

Nieleze taratibu. Hasira ikikimbia huvuruga alama zake yenyewe, nami nataka yeyote atakayepita hapa asome bila kupotea.

Nchi ile sijui jina lake. Nilikuwa nimetoka kuhitimu, joho nimelirudisha, picha nimepigwa, mama amelia, halafu nikajikuta njiani, na njia ikaishia kwenye lango ambalo mbele yake kulikuwa na kipande cha mchanga kilichofagiwa vizuri. Mlinzi hakuniuliza jina. Aliniambia nivue viatu, nivuke mchanga. Nilipovuka akainama, akatazama nilichoacha.

"Kisigino chako kina haraka," alisema. "Vidole vina woga. Utaitwa Nyanjige."

"Ndilo jina langu."

"Najua. Nimeshasoma."

Hiyo ndiyo ilikuwa Ofisi ya Usomaji, na sheria yake ilikuwa imechongwa juu ya lango: uso hudanganya, ulimi hudanganya, ardhi haidanganyi. Kila kilichopo duniani kithibitishwe na alama yake chini. Kisicho na alama hakipo. Na ili wasomaji wasishawishiwe na nyuso za watu, kila mmoja alivikwa kofia ya ukingo mpana uliopindwa kuelekea chini, ukiivaa huoni chochote kilicho juu ya goti. Nilivikwa yangu siku hiyohiyo. Nikaona dunia ya viatu, miguu, pindo za nguo, vumbi.

Niliipenda sheria ile. Nilikuwa nimetoka katika dunia ambayo mtu hutazamwa uso kwanza, akasikilizwa lafudhi, akaulizwa ni mtoto wa nani, ndipo ikaamuliwa kama njaa yake ni ya kweli. Nikasema moyoni: hatimaye, haki inayotazama chini. Hapa maskini na tajiri watapimwa kwa uzito wa hatua zao. Nilikuwa tayari kuitumikia maisha yangu yote.

Mwalimu wangu aliitwa Shigela. Uso wake sikuwahi kuuona, lakini miguu yake naijua kuliko miguu yangu. Wa kulia ulikanyaga sawasawa. Wa kushoto ulikuwa na kilema cha zamani, ukiburuta ubavu wake wa nje, kwa hiyo kila alipopita aliacha unyayo mmoja na mwezi mwandamo mmoja, unyayo na mwezi mwandamo, hadi pale ukingo wa kofia uliponizuia kuona. Nje ya kazi alitembea peku. Kazini alivaa, kama wote, viatu vya Ofisi, ambavyo nitavieleza.

Alinifundisha kwa upendo. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alinifundisha kwamba duma huacha alama za kucha na chui huzificha. Kwamba fisi ana miguu ya mbele mikubwa kuliko ya nyuma, na kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa, maana anakula hata mifupa ambayo wengine wameikinai. Kwamba digidigi na mwenzake hurudi kila siku kujisaidia mahali palepale, na kile kirundo ndicho ukuta wao, ndicho hati yao, hakuna digidigi mwingine atakayedai hakukiona. Kwamba tope lililopakwa kwenye gome la mti linakwambia urefu wa bega lililojikuna pale. Alinifundisha kusikiliza harufu, kugusa ukingo wa unyayo kwa ncha ya kidole kuona kama unameguka, kutafuta njia za siafu zilizoukata unyayo baada ya mwenyewe kupita. "Siafu ni saa," alisema. "Matone ya umande ni saa. Hapa hatuvai saa nyingine."

Siku moja akanisimamisha kwenye mchanga wa kijito kilichokauka.

"Soma."

Niliinama. "Chui," nikasema. "Amepita asubuhi hii, kabla umande haujakauka."

"Vizuri. Ana miguu mingapi?"

Nikazitazama alama zilivyopangana, nikazitazama tena. "Miwili."

Nikasikia akivuta pumzi puani. "Huyo chui wako alikuwa anakwenda kuoa? Kasimama wima, kavaa koti, kashika bakora?"

"Mwalimu, alama zilizopo ni za miguu miwili."

"Alama ni za miguu minne, binti. Chui akinyata, mguu wa nyuma huingia pale ulipotoka wa mbele. Wa mbele umeshapajaribu mahali, hapana kijiti cha kuvunjika, hapana jani kavu. Kwa nini wa nyuma uanze kujaribu upya?" Akachukua kidole changu, akakipitisha kwenye ukingo wa alama. "Sikia. Unyayo uliokanyagwa mara moja una ukingo mmoja. Huu una ngazi. Alama moja si lazima iwe mguu mmoja. Ukilisahau hilo, usijiite msomaji."

Sikulisahau.

Jambo jingine alilonifundisha ni mwanga. Ukisoma, alisema, simama ili unyayo uwe kati yako na jua, na jua liwe chini, asubuhi au jioni, ili kila ukingo utupe kivuli chake. "Saa sita mchana funga macho ukalale. Jua likiwa utosini, unyayo hauna kivuli, na unyayo usio na kivuli hausomeki hata na aliyeukanyaga."

Katika masomo yale wakati ulianza kunitoka mikononi. Niliinama juu ya alama za kwato zilizogandia kwenye tope la mvua iliyopita, nikainuka nimelowa. Niligusa mkwaruzo wa nungunungu wa mwaka juzi, nikawa na umri wa mwaka juzi, na majibu ya mitihani ambayo sikuwa nimeifanya bado yakanitoka kichwani. Na mara moja, kwenye njia inayoelekea Uwandani, ambako sikuwahi kufika, nilikuta unyayo wa mtu peku, kisigino kina haraka, vidole vina woga. Ulikuwa wa zamani. Siafu walikuwa wameukata mara nyingi.

"Mwalimu, huu ni wangu."

Mguu wake wa kushoto uliburuta kidogo, ukatulia.

"Wengine hufika kabla hawajaondoka," alisema. "Usiuguse. Twende."

Ndipo tukatumwa Uwandani.

Ofisi ilikuwa inautaka mto. Haikusema hivyo. Ilisema kuna haja ya kuthibitisha iwapo Uwanda una wakazi, na kama hauna, au kama wapo wachache mno, basi mto uzungushiwe uzio, utunzwe na wanaojua kutunza. Msafara ulikuwa na Mkuu wa Usomaji, Mwalimu Shigela, mimi, na wafagizi. Sasa nivieleze vile viatu. Soli zake zilikuwa zimefungwa sufu nene, ili msomaji asichafue ukurasa anaousoma. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Na nyuma ya msafara walikuja wafagizi na matawi ya majani, wakifuta hata kile kidogo ambacho sufu ilikuwa imeshindwa kukificha. Nilitembea hivyo siku nzima kabla fikra hii haijanipiga: kwa sheria ya Ofisi, kisicho na alama hakipo. Sisi hatukuwa na alama. Basi sisi hatukuwepo. Nchi nzima ilikuwa inatawaliwa na watu ambao kwa sheria yao wenyewe hawapo, na kazi yao ni kwenda kuwaambia waliopo kwamba hawapo vya kutosha.

Watu wa Uwanda walikuja kutulaki. Niliona miguu yao kwanza, kwa sababu ya kofia. Miguu mikavu, yenye nyufa za chumvi, ikija kwa mstari. Na nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona kwa binadamu. Mguu wa kwanza uliinuka, wa pili ukaingia palepale. Wa pili ukainuka, wa tatu ukaingia. Mama, kijana, mzee, msichana mwenye mimba, wote walikanyaga unyayo mmoja, kisha unaofuata, kisha unaofuata, bila kuchungulia, kama mtu anavyopanda ngazi za nyumbani kwake gizani. Ulipokwisha kupita mstari wote, nyuma yao ilikuwa imebaki njia ya mtu mmoja.

"Shikamoo, mama," nilimwambia yule wa mbele, maana sauti za nyuma zilikuwa zikimwita Mama Milembe.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmechoka."

"Shemeji, unaongea na kofia," alisema mwanamume aliyekuwa nyuma yake. "Wamemfunika mtoto wa watu kama chungu cha mlenda."

"Ngasa, wageni hao."

"Mimi nimesema nini? Namwonea huruma. Hata mlenda hufunuliwa ukiiva."

Walicheka mstari mzima, na kicheko kilikuwa cha watu wengi. Nalisema hili kwa wale watakaoniambia kwamba hatukuwa na njia ya kujua. Tulikuwa na masikio.

Nikamuuliza Mama Milembe kwa nini wanatembea vile. Alishangaa kuulizwa. Akachuchumaa ili aingie chini ya ukingo wa kofia yangu, na huo ukawa uso wa kwanza kuuona tangu nivikwe kofia, uso mpana wa mama wa makamo, jino moja la mbele limepinda, macho yanayokaribia kucheka. Akabofya ardhi kwa kidole gumba. Juu kulikuwa na ganda jembamba, jeusi, gumu kidogo kama ukoko wa wali. Chini yake vumbi tupu, jepesi kama unga.

"Hili ndilo linaloshika majani," alisema. "Ukilivunja, upepo unaingia chini, unabeba. Panakuwa jangwa. Ukiliacha, panaota, swala wanakula, sisi tunaishi. Basi tumekubaliana kuvunja mahali pamoja. Aliyetangulia ameshavunja. Kwa nini mimi nivunje pengine?"

Kwa nini wa nyuma uanze kujaribu upya? Nilikumbuka kijito kikavu na kidole changu mkononi mwa Mwalimu. Nilitaka kulia, na nilifurahi pia, furaha ya mwanafunzi aliyekutana na swali alilolijua. Nikageuka kumtafuta. Viatu vyake vya sufu vilikuwa karibu. Vilikuwa vimesikia yote.

Walitukaribisha chakula. Kilikuja kwenye sinia kubwa la bati linalong'aa, kimeshikwa na mikono mingi, ugali uliosongwa na mmoja, mlenda uliochumwa na mwingine, samaki wa mtoni waliokaushwa na wengine, na maji ya kunawa yakamiminwa na mkono mwingine kabisa. Ofisi ilikula. Mkuu wa Usomaji alirudia samaki, akasifu, akalamba vidole. Halafu akainuka, akajifuta, akauendea ule mstari wa nyayo, akasimama juu yake.

Jua lilikuwa utosini. Lilikuwa limesimama hapo tangu tulipofika, kwa sababu Ofisi husoma saa hiyo tu, na katika nchi ile jua huingojea Ofisi imalize. Nilizitazama nyayo. Zilikuwa zimepauka, zimelala, hazina kingo, hazina kina, vidoa tu juu ya ardhi.

"Mtu mmoja," alisema Mkuu. "Mtu mzima. Anatembea peke yake."

Nilidhani anatania. Nilisubiri mtu acheke.

"Mkuu," nikasema, "wamesimama hapa."

"Nani?"

"Hawa. Waliotupikia."

"Nyanjige, unazitazama nyuso?"

"Naitazama miguu, Mkuu. Iko hapa mbele yako."

"Miguu si alama. Miguu huja na kuondoka." Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Hata hivyo Ofisi haina ukatili. Kama wapo wengi, watawanyike. Kila mmoja atembee kwake, aweke alama yake pembeni, nasi tutahesabu. Nani anakatazwa?"

Na mimi, Mungu anisamehe ujana wangu, niliona hiyo ni njia. Nilimwendea Mama Milembe, nikamshika mkono. Tembeeni tu, nikamwambia. Mara moja. Kwenda na kurudi. Mto utabaki wenu.

Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Tukitawanyika leo, mwanangu, mvua ijayo hapa pataota nini?"

Nililitazama ganda jeusi kati ya miguu yetu.

"Patakuwa vumbi. Halafu watarudi hawa, watazame vumbi, waseme tumeshindwa kutunza. Watazungusha uzio wao juu ya vumbi, na hapo watakuwa wamesema kweli."

"Mwambie na sisi tuna swali," alisema Ngasa, na safari hii hakuna aliyecheka. "Kwenu mtu akitaka aonekane yupo, lazima aharibu kitu?"

Swali hilo bado ninalo. Nimelibeba kuliko nilivyobeba cheti changu. Nimelitazama kwa pande zote na kila upande unanichoma. Ni nani aliyeamua kwamba kuwepo ni kukwangua? Yule aliyekata mlima katikati anaonekana kutoka mbali, jina lake limeandikwa kwenye jiwe, watoto wanalikariri. Aliyepita taratibu ili majani yaote anaambiwa hakupita. Mwenye kelele anasajiliwa. Mwenye adabu anafutwa, na adabu yake ndiyo inayotolewa kama ushahidi dhidi yake. Tuliambiwa ardhi haidanganyi, na hilo ni kweli, ardhi haikudanganya. Ilisema kila kitu. Iliwasemesha watu waliochagua saa ya kuwa viziwi.

Saa ya kuwa viziwi. Nililitamka hilo kimoyomoyo, na ndipo nikaliona sinia.

Lilikuwa limelala chini, tupu, limeoshwa, na jua la utosini lilikuwa ndani yake, linarukaruka. Nilimwomba Mama Milembe kanga yake ya juu. Hakuuliza. Ngasa alishika pembe mbili, msichana mwenye mimba na mzee wakashika nyingine, wakaitandaza hewani juu ya unyayo mmoja hadi ukapata kivuli kamili, giza dogo la kitambaa. Kisha nikalichukua sinia, nikapiga magoti nje ya kivuli, nikalilaza karibu na ardhi, nikaligeuza polepole mpaka likakamata jua na kulitupa chini ya kanga, kwa ubavu, kama jua la asubuhi.

Unyayo uliamka. Sina neno jingine. Kingo ziliinuka. Kulikuwa na kisigino ndani ya kisigino, ndani yake kisigino kidogo cha mtoto, vidole juu ya vidole kama mikono ya watu walioweka nadhiri, ukingo wenye ngazi, na ngazi nyingine, na nyingine, zikishuka hadi chini kabisa ambako udongo ulikuwa umekandamizwa na vizazi mpaka ukawa mgumu na laini kama sakafu ya chungu. Nilimwona pale mtu mwenye haraka. Nilimwona aliyebeba mzigo kichwani. Niliona waliokufa, maana nyayo zao zilikuwa bado zinatumika.

"Mwalimu," nikasema. "Njoo usome."

Mkuu akasema, "Shigela ndiye msomaji mkubwa kati yetu. Asome. Atakalotamka litasimama."

Mwalimu Shigela alikuja. Alipiga magoti upande wa pili wa unyayo, goti la kushoto kwa taabu. Mwanga wa sinia ulimfikia chini ya kofia na kwa mara ya kwanza niliona kidevu chake, ndevu nyeupe chache, mdomo uliokauka. Alinyoosha kidole, akakipitisha kwenye ukingo. Alikipitisha kwenye ngazi ya kwanza. Ya pili. Kidole chake kilianza kutetemeka na hakukiondoa. Alisoma muda mrefu, alisoma kama alivyonifundisha, hakuruka kitu, na Uwanda wote ukamsubiri.

"Mmoja," alisema.

Sinia lilinitoka mikononi.

"Umesoma," nilimwambia, kwa sauti ya chini. "Nimekuona ukisoma."

"Nimesoma."

"Ukingo wake una ngazi."

"Nimesoma, Nyanjige. Kusoma ni kazi moja. Kutamka ni kazi nyingine."

"Ulinifundisha moja tu."

Na mimi nasema hapa, mbele ya yeyote atakayeinama juu ya maneno haya: wajinga wote wa dunia hawajaniumiza kama mtu yule mwema aliyejua. Asiyejua kusoma utamfundisha. Utapiga magoti naye kwenye mchanga, utamshika kidole, utamcheka, atakucheka. Aliyesoma, akaelewa, kidole kikamtetemeka kwa alichokielewa, kisha akainuka na kusema kinyume, huyo utamfundisha nini? Nilikuwa nimeamini kwamba dunia inaumwa ujinga, na kwamba sisi tuliohitimu ni dawa. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa inaweza kuogopa mgonjwa.

"Imesomwa," alisema Mkuu. "Itiwe muhuri."

Muhuri wa Ofisi ni huu. Msomaji mdogo kuliko wote katika msafara huvua kiatu kimoja cha sufu, huweka mguu wake mtupu kando ya alama iliyosomwa, akabonyeza. Alama ya msomaji kando ya alama ya msomwa. Bila hiyo usomaji haujakamilika, na hakuna anayeweza kuweka mguu kwa niaba ya mwenzake. Hiyo ndiyo mara pekee ambapo mtu wa Ofisi, akiwa kazini, anaruhusiwa kuacha kitu duniani.

Msomaji mdogo nilikuwa mimi.

Wafagizi walinyanyua matawi, wakingoja. Kanga ilikuwa imeshushwa. Jua lilisimama palepale, limechoka. Niliwatazama watu wa Uwanda, magoti na vifundo vya miguu, na hakuna mguu mmoja uliosogea kunisihi. Pindo la kanga ya Mama Milembe lilikuwa linachezacheza, anajifunga upya.

Nilivua kiatu cha kwanza.

"Kando," alisema Mkuu. "Upande wa kulia wa alama."

Nilivua cha pili.

"Kimoja kinatosha, Nyanjige."

Nilivua kofia.

Nataka nikwambie nilichokiona, lakini kilikuwa kingi mno kwa mara moja. Nyuso. Nyuso zilizotiririka hadi kwenye vichaka, zenye jasho, zenye makovu, mtoto mgongoni akinyonya kidole chake, Ngasa ambaye kumbe alikuwa mwembamba na mwenye masikio makubwa, na nyuma yao mto wenyewe, ambao katika siku zote za msafara sikuwa nimeuona, ukimetameta upana wote. Yule Mkuu alikuwa mtu mfupi, mpole wa umbo, mwenye ukingo wa kofia uliogusa kifua. Alikuwa anaongea na magoti yangu.

"Weka mguu," alisema.

Niliuinua mguu. Niliupitisha juu ya ardhi nzima, isiyovunjwa, ya upande wa kulia wa alama, mahali muhuri ulipotakiwa. Kisha nikauingiza ndani ya unyayo.

Ulikuwa na joto. Chini palikuwa pagumu, na kisigino changu chenye haraka kilikuta mahali pake tayari, na vidole vyangu vyenye woga vikakuta mahali pake, pameshaandaliwa, pamekatwa na siafu wa zamani. Nilikuwa nimefika humo kabla sijaondoka. Nilisikia nikicheka.

"Umeukosea," alisema Mkuu. "Hiyo haihesabiki. Rudia."

"Nimesoma, Mkuu," nilisema. "Sasa natamka. Huyu mkazi mmoja unayemwona, na mimi nimo. Mhesabu tena."

"Rudi kwenye mstari, binti."

"Ndio niko kwenye mstari."

Ngasa alinisogelea kwa nyuma, kwa tahadhari, akingoja niinue mguu. "Tembea basi, msomi," alininong'oneza. "Unatuzibia njia."

Mama Milembe alishatangulia. Nilikitazama kisigino chake kikiinuka, nikaweka changu kilipotoka. Nyuma yangu nikasikia mstari ukianza kusogea, hatua moja iliyokuwa hatua za watu wengi, na nyuma zaidi sauti ya Mkuu ikiuliza nani atatia muhuri, nani mdogo anayefuata, na kimya cha watu ambao hawakuwa na mguu wa kumpa. Watamleta mwingine. Najua. Kuna mhitimu mahali fulani amerudisha joho lake leo, na lango linamngoja, na atalipenda kama nilivyolipenda. Akija atatukuta, na nitamfundisha sinia.

Jua lilianza kushuka. Tulikuwa tumeshafika karibu na mto, na vivuli vyetu vimeanza kurefuka ubavuni, kila mtu na chake, wengi, wengi kabisa, wakati nilipoisikia miguu ninayoijua. Mwishoni mwa mstari, mbali, mguu uliokanyaga sawasawa, kisha mguu ulioburuta ubavu wa nje kwenye ngozi ya ardhi, peku. Sawasawa, kisha kuburuta. Alikuwa anajitahidi kuuweka ule wa kushoto ndani ya unyayo, na haukuwa unaingia vizuri.

Katika mstari ule watu hawageuki nyuma. Sikugeuka. Hasira yangu kwake ilikuwa bado nzima, ninayo hadi sasa, sijampa hata chembe ya msamaha. Lakini nilimgusa Mama Milembe begani, na Mama Milembe akapunguza mwendo.

Mstari mzima ukapunguza mwendo.